Kiungo au Mwatuko? Istilahi za Mparuzo wa Miamba

Mfasiri akutanapo na istilahi ya Kiingereza ya mivunjiko ya miamba, huelekea kuiita "kiungo". Neno hilo lapotosha. Kiungo cha mwili hushikanisha. Lakini jambo analolikusudia mwanajiolojia ni mahali mwamba ulipokatika bila pande zake mbili kuhama kwa kiasi cha kuonekana. Mhandisi akisoma "kiungo" katika ripoti, ataamini kwamba hapo pameshikana. "Ufa" nalo limekwisha kuchukuliwa na Bonde la Ufa, ambako ardhi imetanuka na kudidimia. Napendekeza "mwatuko", kutokana na kitenzi kuatua.

Uthabiti wa mwatuko hutegemea sana mparuzo wa nyuso zake. Mwaka 1966 F. D. Patton alieleza majaribio ya vipande vya plasta vilivyochongwa meno kama ya msumeno. Vilipobanwa kwa uzito mdogo na kusukumwa upande, kipande cha juu kilipanda miteremko ya meno, na mwatuko ukapanuka. Pembe ya mteremko ikajumlishwa na pembe ya msuguano wa nyuso laini. Vilipobanwa sana, kupanda kulishindikana, meno yakakatika. Hapa Kiswahili kinatudai vitenzi viwili, kupanda na kukatika, ambavyo nomino moja "ukinzani" huvificha.

Nick Barton aliupima mparuzo kwa namba, 0 hadi 20. Mwaka 1977 yeye na V. Choubey walichapisha michoro kumi ya kulinganishia, kuanzia uso ulio karibu laini hadi wenye vinundu vikubwa. Mpimaji hulinganisha kwa jicho tu, jambo ambalo wachunguzi wa lahaja hawatalistaajabia. Aidha, namba ya kipande kidogo haiufai mwatuko mrefu, maana huko vinundu vidogo hupungukiwa na nguvu.

Tena, meno hayafai kitu yasipokutana. Udongo wa mfinyanzi ukijaa kuzidi kimo cha vinundu, mwamba huteleza juu ya udongo. Huko Vajont, Italia, tarehe 9 Oktoba 1963, ubavu wa Mlima Toc uliporomokea ziwa la bwawa. Wimbi likaruka ukuta na kuua watu wapatao 2,000. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha tabaka nyembamba za udongo huo katikati ya mawe ya chokaa. Hayo yalikuwa matabaka, si miatuko, lakini kanuni ni ileile. Kujaa huko tusikuite "ujazo", neno ambalo hisabati imekwisha kulitwaa, "mjazo" latosha.