CHUMA HUMPIMA MTU MOYO

Miezi ya mwanzo ya kunyanyua vyuma humfurahisha kila mtu. Uzani huongezeka karibu kila wiki, kwa kuwa mishipa ya fahamu inajifunza kuiamrisha misuli iliyokuwa imelala. Somo hilo likiisha, hubidi misuli yenyewe ikue, nayo hukua polepole mno.

Hapo ndipo moyo hujaribiwa. Askari aliyezoea kupanda kila mwezi hukwama miezi miwili kwenye uzani ule ule. Hujidharau, huwahusudu wenzake, na hurudi nyumbani na hasira, mke na watoto wakalipia chuma wasichokigusa. Mwingine huongeza uzani kwa pupa akaumia mgongo.

Vasily Alekseyev wa Urusi ya Kisovieti alikuwa mtu wa kwanza kuinua zaidi ya ratili 500 juu ya kichwa mashindanoni, mwaka 1970, mjini Columbus, Marekani. Hadi mwaka 1977 alikwisha kuweka rekodi 80 za dunia, nyingi kwa nyongeza ndogo sana. Hata hivyo, katika Olimpiki ya Moscow ya mwaka 1980 alishindwa majaribio yake yote matatu ya kwanza, akatolewa.

Basi kukwama si aibu. Mwenye busara huandika mazoezi yake daftarini, hupunguza uzani kwa wiki moja, hulala vya kutosha, kisha huongeza kilo moja badala ya tano. Haba na haba hujaza kibaba.