Mchezo wa Karibu na Shimo

Wenzangu wengi hudhani ya kuwa gofu ni mchezo wa kupiga mpira mbali. Mimi nami nilidhani hivyo mpaka likizo ya mwaka jana. Nilikuwa kedi, yaani mbeba fimbo za wachezaji, nasi makedi tukafanyiwa mashindano yetu. Zawadi ilikuwa viatu vya shule. Katika shimo la mwisho mpira wangu ulifika hatua kumi tu toka kwenye bendera kwa mapigo mawili. Kutoka hapo nikapiga mara tano! Nikashindwa kwa pigo moja, nikarudi nyumbani na viatu vyangu vile vile vilivyotoboka.

Mzee mmoja, kedi wa siku nyingi, aliniita akaniambia, "Mwanangu, nguvu unazo, lakini hesabu huna." Akanieleza kuwa uwanja kamili una mashimo 18, na viwanja vingi huhesabiwa mapigo 72 kwa mchezaji hodari. Katika hayo, mawili kwa kila shimo ni ya kusukuma mpira juu ya grini, yaani mahali penye majani mafupi sana palipo na shimo. Mawili mara 18 ni 36, nusu ya mchezo mzima! Wala mapigo hayo hayahitaji nguvu.

Haya ndiyo aliyonifundisha.

Kwanza, mpira ulio kando ya grini. Kosa langu lilikuwa kutaka kuuchota ili uruke. Ukifanya hivyo fimbo hugonga ardhi, au huugonga mpira kichwani ukakimbia mbali. Uso wa fimbo umelala. Wenyewe utauinua mpira. Kwa atumiaye mkono wa kulia, miguu iwe karibu karibu, uzito uegemee mguu wa kushoto, mpira uwe upande wa mguu wa kulia, na mikono itangulie mpira kidogo. Kisha piga bila kukunja vifundo vya mikono. Chagua mahali mpira utakapotua, uache ubiringike mwenyewe mpaka shimoni.

Pili, kusukuma. Anayeanza hukosa shimo kwa shubiri moja upande, lakini kwa urefu hukosa kwa hatua tatu. Basi jizoeze kwanza kusukuma toka mbali, mpira usimame karibu na shimo. Shimo lenyewe lina upana wa milimita 108 tu.

Tatu, mchanga. Hapa usiuguse mpira. Piga mchanga ulio nyuma yake kwa kadiri ya vidole vitatu, wala usiisimamishe fimbo njiani. Mchanga ndio utakaoutoa mpira.

Tusiseme hatuna vifaa. Severiano Ballesteros wa Hispania alijifunza utotoni kwa fimbo moja, akipiga mipira pwani kijijini kwake Pedreña. Akaja kushinda The Open, mashindano makuu ya Uingereza, mara tatu: 1979, 1984 na 1988. Mimi jioni hutandika taulo kando ya kiwanja cha mpira, nikapiga mipira 20 na kuhesabu iliyotua juu yake. Mwanzoni ilikuwa mitatu. Sasa hufika 12.

Likizo ijayo tutashindana tena. Viatu vyangu vimekwisha kushonwa mara mbili, na sidhani kama vitakubali mara ya tatu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.