Ukishapasuliwa mgongo, tembea kwanza, jembe lisubiri

Mgonjwa akishapasuliwa mgongo huko Mombasa au Nairobi na kurudishwa nyumbani Voi, Mwatate au Wundanyi, jambo la kwanza analofanyiwa na jamaa zake ni kutandikiwa kitanda. Mama huleta uji, binti huleta maji ya kunawa, naye shangazi humkataza hata kwenda msalani peke yake. Wiki mbili hupita hivyo, pengine mwezi. Yote hufanywa kwa upendo, lakini ndiyo yanayomchelewesha kupona.

Yafaa kwanza tueleze kile alichokifanya daktari mpasuaji. Uti wa mgongo ni mfano wa mnara wa pingili za mfupa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Baina ya pingili na pingili mna diski, yaani kijimto cha gegedu chenye ute mzito ndani yake. Diski ikipasuka, ute huo hutokeza nje na kukandamiza mshipa wa fahamu unaoelekea mguuni. Hapo ndipo mtu huhisi maumivu yanayochoma kutoka kiunoni, kupitia takoni, hadi unyayoni. Madaktari William Mixter na Joseph Barr wa Boston, Marekani, walilieleza jambo hili waziwazi mwaka 1934, na tangu hapo kuondoa kipande hicho kilichochomoza kumekuwa miongoni mwa upasuaji wa mgongo unaofanywa mara nyingi zaidi. Kuna wengine ambao hupasuliwa ili kupanua mfereji wa neva uliokuwa mwembamba kwa sababu ya uzee. Wengine tena, mathalan walioumia katika ajali za barabarani au ambao pingili zao zimeliwa na kifua kikuu, huunganishwa pingili kwa vyuma na skrubu.

Zamani mgonjwa wa namna hii alilazwa kwa majuma mengi. Siku hizi aghalabu huinuliwa kitandani siku iyo hiyo au kesho yake. Msuli usiotumiwa hunywea upesi, na misuli ya mgongo na tumbo ndiyo inayoushikilia uti usiyumbe. Damu inayotuama miguuni huweza kuganda, na donge hilo likisafiri hadi mapafuni huweza kuua. Choo nacho hufunga, hasa kwa anayemeza dawa kali za maumivu. Tafiti kadhaa zimelinganishwa, na kwa jumla zinaonyesha kwamba wagonjwa wa diski walioanza mazoezi kati ya wiki ya 4 na ya 6 walipungukiwa na maumivu na kurudia shughuli zao mapema kuliko wale ambao hawakufanya mazoezi. Wala haikuonekana kwamba mazoezi hayo yaliwarudisha wengi zaidi katika chumba cha upasuaji.

Zoezi la kwanza, basi, ni kutembea. Unapotoka kitandani usijiinue ukiwa chali. Geukia ubavuni kwanza, teremsha miguu, kisha ujisukume kwa mikono. Anza kwa dakika 5 mara nne au tano kwa siku, uongeze kidogo kidogo, hata kufikia wiki ya 6 uwe unaweza kutembea nusu saa bila kupumzika. Kwa mkazi wa Voi, adui ni jua: toka alfajiri au jioni. Kwa mkazi wa Wundanyi, adui ni mteremko. Watu wengi hudhani kupanda ndiko kubaya, kumbe mara nyingi kushuka ndiko kunakoutikisa mgongo, kwa kuwa kila hatua hutua kwa kishindo. Tafuta njia iliyo sawa, au shika fimbo na upige hatua fupi. Vaa viatu vinavyoshika mguu, si ndara.

Kukaa kitako muda mrefu kunauchosha mgongo uliopasuliwa. Inuka kila baada ya dakika 20 au 30. Kwa hiyo safari ya kutoka Mombasa, ambayo ni kama kilomita 150 hadi Voi, yataka kupangwa. Garimoshi la Madaraka Express linalosimama Voi lina nafasi ya kusimama na kutembea kidogo. Ukipanda matatu, kaa kiti cha mbele na umwombe dereva, tena mapema, asimame njiani. Bodaboda haifai kabisa katika wiki za mwanzo. Shimo moja barabarani latosha kukutonesha.

Sasa tuje kwa kazi, maana huku kwetu wengi hawaulizi watarudi lini jimu. Wanauliza watarudi lini shambani. Mwenye kazi ya mezani aliyetolewa diski anaweza kurudi baada ya wiki 2 hadi 6. Mkulima wa matuta ya Taita, mkata katani wa Mwatate, au mchimbaji wa vito anayeinama shimoni, yeye asubiri kama miezi mitatu, na daktari aliyempasua amkague kwanza. Jembe lina mambo matatu ambayo mgongo hauyapendi yakija pamoja: kuinama, kujipinda na kushtua. Katika wiki 6 za mwanzo usiinue kitu kizito kuliko pakiti mbili za unga, yaani kilo 4. Mtungi wa lita 20 za maji una kilo 20, na anayeubeba huuinua kutoka chini akiwa ameinama. Ukifika wakati wa kuchota tena, anza na vidumu viwili vya lita 5, kimoja kila mkono, na uchuchumae badala ya kuinama. Jembe liwe na mpini mrefu. Lima dakika 15, upumzike, nawe uuelekee mlima, kwa kuwa udongo ulio mbele yako huwa karibu zaidi na huhitaji kuinama sana.

Kabla ya hapo, kuanzia wiki ya 4 hivi, ni vyema umwone mtaalamu wa fiziotherapia. Atakuonyesha jinsi ya kukaza tumbo ukiwa umelala na magoti yamekunjwa, kuinua nyonga, na kupiga magoti na mikono ukinyosha mguu mmoja nyuma. Mazoezi haya hayahitaji chombo chochote isipokuwa mkeka.

Walioungwa pingili wasijipime kwa walioondolewa diski tu. Mfupa huchukua miezi 3 hadi 6 kushikana, wakati mwingine mwaka mzima, na sigara huuchelewesha. Mcheza gofu Tiger Woods aliungwa pingili Aprili 2017 akashinda mashindano ya Masters Aprili 2019. Ni miaka miwili hiyo, tena akiwa na wataalamu wake, na hakuwa na kuni za kubeba.

Kuhusu tendo la ndoa, jambo ambalo wagonjwa huona haya kuliuliza, wengi huweza kulirudia baada ya wiki 2 hadi 4 ikiwa maumivu yametulia. Mgonjwa ndiye alale chali.

Maumivu ya misuli baada ya mazoezi si dalili mbaya yakiisha kufikia kesho yake. Yakianza kushuka mguuni kama zamani, punguza mazoezi na umwone daktari, kwa kuwa kati ya wagonjwa 100 wa diski, 5 hadi 15 huchomozwa tena na diski ile ile. Homa, kidonda kinachotoa usaha au maji, na mguu mmoja uliovimba na kuuma si mambo ya kungojea siku ya kliniki. Kifua kikibana au pumzi ikikatika ghafla, ni hatari kubwa zaidi.

Kubwa kuliko yote kwa uti wenyewe ni hili: mgonjwa akishindwa kukojoa, au mkojo au choo kikimtoka bila kujua, au akipata ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, au miguu ikilegea, neva zake zinakandamizwa na zinaweza kufa zisirudi tena. Asikandwe, asipewe dawa ya maumivu akaambiwa alale. Hata kama ni usiku wa manane, atafutiwe gari hadi hospitali kuu ya rufaa ya Moi mjini Voi, na daktari aliyempasua apigiwe simu mkiwa njiani.