Je, unene huleta endometriosisi? Mizani pekee haitoi jibu

JE, mwanamke mnene yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata endometriosisi kuliko mwembamba? Swali hili lina uzito katika sehemu kama Kosele, karibu na mji wa Oyugis, Kaunti ya Homa Bay, ambako maumivu makali ya hedhi huweza kupewa sababu nyingi kabla ya mgonjwa kumfikia daktari anayefaa.

Jibu la watafiti huenda likamshangaza msomaji. Katika tafiti nyingi, ugonjwa huu umegunduliwa zaidi miongoni mwa wanawake wembamba. Hata hivyo, hilo halimaanishi kwamba unene ni kinga.

Endometriosisi hutokea pale tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi zinapoota nje ya mfuko huo, hususan kwenye ovari, mirija ya uzazi, utumbo na kibofu cha mkojo. Tishu hizo huitikia homoni za kila mwezi. Huvimba na huweza kuvuja damu ambayo haina njia ya kutokea. Matokeo yake ni uvimbe, makovu na viungo kushikamana. Mgonjwa huumia wakati wa hedhi, wakati wa kujamiiana au anapokwenda haja, na baadhi hupata shida ya kushika mimba.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani watu 190 milioni, wanaugua maradhi haya. Nchini Kenya, wengi waliyasikia kwa mara ya kwanza kupitia kwa mtangazaji Njambi Koikai. Ugonjwa ulimfika kifuani na kuyafanya mapafu yake kusinyaa mara kwa mara. Mwaka wa 2018 alisafiri hadi Atlanta, Marekani, kwa matibabu. Alifariki Juni 2024.

Nadharia na takwimu

Kwa nadharia, unene ungepaswa kuuchochea ugonjwa huu. Mafuta ya mwilini hugeuza homoni nyingine kuwa estrojeni, nayo estrojeni ndiyo huzistawisha tishu za endometriosisi. Ni kwa njia hiyo unene huongeza hatari ya saratani ya utando wa mfuko wa uzazi, ugonjwa ambao watu wengi huuchanganya na endometriosisi ilhali ni maradhi mawili tofauti.

Lakini takwimu hazikufuata nadharia. Mwaka wa 1989, watafiti wa Marekani walianza kufuatilia afya ya wauguzi wa kike zaidi ya 116,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2013 yalionyesha kuwa wauguzi wenye unene wa kupindukia kabisa waligunduliwa kuwa na endometriosisi kwa kiwango kilichokuwa chini kwa takriban asilimia 40 kuliko wale wembamba wenye uzito wa kawaida.

Unene huo hupimwa kwa kugawa kilo za mtu kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwanamke wa urefu wa mita 1.60 mwenye kilo 77 hupata 30, na hapo ndipo unene wa kupindukia huanzia. Mwenzake wa kilo 52 hupata 20, kiwango cha kawaida.

Sababu tatu

Wataalamu hutoa maelezo matatu. Kwanza, wanawake wengi wanene hukosa hedhi kwa miezi kadhaa kwa sababu mayai hayapevuki. Daktari John Sampson wa Marekani alieleza katika miaka ya 1920 kwamba endometriosisi hutokana na damu ya hedhi inayorudi nyuma kupitia mirija ya uzazi na kumwagikia tumboni. Ikiwa ndivyo, basi hedhi chache humaanisha nafasi chache za ugonjwa kuota.

Pili, huenda ugonjwa wenyewe ndio unaokondesha. Mwaka wa 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliripoti kuwa panya waliopandikizwa endometriosisi walipungua uzito, huku utendaji wa jeni za ini lao ukibadilika. Wembamba, kwa maelezo haya, ni matokeo ya ugonjwa wala si chanzo.

Tatu, ni suala la nani anayechunguzwa. Kupiga picha na kupasua tumbo lenye mafuta mengi ni kazi ngumu zaidi, na mgonjwa mnene huweza kuambiwa apunguze uzito kwanza. Historia inaonya. Kwa miaka mingi vitabu vya udaktari vilidai kuwa endometriosisi ni ugonjwa wa wanawake weupe wenye mali. Mwaka wa 1976, daktari Donald Chatman wa Chicago alionyesha kuwa zaidi ya mmoja kati ya kila watano wa wagonjwa wake weusi waliochunguzwa kwa kamera tumboni walikuwa nao. Wengi walikuwa wameambiwa awali kwamba wana maambukizi ya via vya uzazi.

Isitoshe, utafiti wa Melbourne, Australia, uliotolewa mwaka wa 2018 ulibaini kuwa miongoni mwa waliougua, wenye unene wa kupindukia walikuwa na ugonjwa uliokomaa zaidi.

Umbo lisiwe hukumu

Kwa wakazi wa Kosele, hoja hii si ya vitabuni tu. Katika imani ya Waluo, kukonda na kukosa mtoto huweza kuhusishwa na chira, yaani balaa la kuvunja mwiko. Aidha, Homa Bay ndiyo kaunti iliyoongoza kwa maambukizi ya virusi vya ukimwi nchini katika uchunguzi wa mwaka wa 2018, kwa asilimia 19.6 ya watu wazima. Mwanamke anayekonda huku akiumwa tumbo huenda akashukiwa mengine kabla ya endometriosisi kutajwa.

Kwa upande mwingine, idadi ya wanene inaongezeka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Hawa nao huweza kuambiwa kuwa kilo ndizo zinazowaumiza.

Kupunguza uzito husaidia kukabili shinikizo la damu na kisukari, lakini hakujathibitishwa kuwa tiba ya endometriosisi. Tiba zilizopo ni dawa za maumivu, vidonge vya homoni vikiwemo vile vya kupanga uzazi, na upasuaji wa kuondoa tishu hizo. Si lazima upasuaji utangulie. Daktari huweza kuanza na maelezo ya mgonjwa, picha na dawa.

WHO inasema ugonjwa huchukua kati ya miaka minne na 12 kabla ya kutambuliwa. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali iliwapa vifaa mwaka wa 2023, hufika nyumba kwa nyumba wakiwa na mizani. Wakiongeza swali moja kuhusu hedhi, huenda miaka hiyo ikapungua. Maumivu yanayomfanya msichana kukosa shule au mama kufunga kibanda chake sokoni kila mwezi si ya kawaida. Anayeyapata anastahili kuelekezwa kwa bingwa wa magonjwa ya wanawake katika hospitali ya rufaa, awe na kilo 50 au 100.