Konji na mizigo: safari ya familia kwenda Kivu



Katika kurasa hizi tumezoea kuandikiana juu ya mishahara, kilo za majani, saa za zamu na ajali za mashine. Leo tunataka kusema juu ya siku ambazo hatufanyi kazi. Tunajua wengine watacheka: chama kimeishiwa maneno, sasa kinatufundisha kuoga ziwani! Chekeni, lakini someni. Katika Rusizi hii, kwenye chai ya Shagasha, kwenye saruji ya Muganza na kwenye mpunga wa Bugarama, tunao ndugu waliofanya kazi miaka kumi bila kukaa hata juma moja pamoja na watoto wao. Wengine wanaliona Ziwa Kivu kila asubuhi wakipanda kwenda kazini, na hawajaingiza mguu ndani yake tangu walipokuwa wadogo.

Tuanze na haki, maana bila haki hakuna safari. Sheria ya kazi ya Rwanda, Na. 66 ya mwaka 2018, inampa mfanyakazi siku 18 za kazi za mapumziko kila mwaka, ndiyo siku moja na nusu kwa kila mwezi aliofanya kazi. Akikaa kwa mwajiri huyo huyo, kila miaka 3 anaongezewa siku moja, mpaka zifike 21. Siku hizo zinalipwa. Hazitoki mfukoni mwa kapita, wala si zawadi ya msimamizi kwa yule anayemsalimia vizuri. Kuna ndugu wanaotuambia: «Mimi konji yangu nimeiuza.» Mkataba Na. 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, ambao Rwanda nayo imeukubali, unakataa mapatano ya namna hiyo: mfanyakazi hawezi kuacha mapumziko yake ya lazima ili apewe fedha. Anayenunua konji yako ananunua mgongo wako, na mgongo hauna duka la pili.

Ndugu wa kutwa watauliza: na sisi je? Ninyi ndio mnaotusumbua akili zaidi, maana wengi wenu hamna karatasi. Lakini sheria hiyo hiyo inasema mkataba usioandikwa hauwezi kupita siku 90 mfululizo. Aliyepita hapo aende kwa mjumbe wa wafanyakazi na aulize habari ya mkataba wa kuandikwa. Konji inafuata karatasi.

Msidhani wazungu walizaliwa nayo. Huko Ufaransa wafanyakazi waliipata mwaka 1936, baada ya migomo mikubwa ya mwezi wa Juni: majuma mawili yenye malipo. Kisha serikali yao ikapunguza nauli ya treni kwa asilimia 40 kwa wafanyakazi waendao likizo, na watu wa viwandani, wengi wao, wakaiona bahari kwa mara ya kwanza. Wengine walikwenda kwa baiskeli, mtoto mbele, kifurushi nyuma. Ubelgiji, iliyokuwa ikitutawala wakati ule, iliwapa wafanyakazi wake siku sita mwaka huo huo. Babu zetu waliokuwa wakibeba na kulima barabara hapa hawakuhesabiwa katika siku hizo sita.

Sasa, bahari. Rwanda haina bahari, na Dar es Salaam ni mbali: ni zaidi ya mchana mmoja na usiku mmoja ndani ya basi, na kwa familia ya watu sita nauli peke yake inakula mshahara wa miezi. Kwa hiyo bahari yetu ni Kivu. Ziwa hili lina urefu wa kama kilomita 90 kutoka kaskazini hadi kusini, nasi wa Rusizi (wazee bado wanasema Cyangugu, ingawa mipango ya mwaka 2006 ilibadili majina) tumekaa kwenye ncha yake ya kusini, pale mto Rusizi unapotoka kwenda Tanganyika. Juu kuna Karongi, ndiyo Kibuye ya zamani, na mwisho kabisa kuna Rubavu, ndiyo Gisenyi, yenye mchanga mzuri kuliko kwetu. Lami inafuata ziwa kutoka Kamembe mpaka huko. Kuna na boti, lakini boti haiendi kila siku: ulizeni bandarini kabla ya kufunga mzigo.

Mizigo ndiyo iliyotufanya tuandike.

Mara ya kwanza tulipopata konji kamili tuliamua kwenda Gisenyi kwa dada yake mama watoto. Tulikuwa sita: sisi wawili na watoto wanne. Tukasema hatutaki kuwa mzigo kwa watu. Basi tukafunga godoro moja, masufuria mawili, jiko la makaa na mfuko wa makaa, jerikani, sanduku la nguo za Jumapili za watu sita, kapu la viazi vitamu, gunia la mchele wa Bugarama kilo 25, na kuku mzima wa kuwapelekea wenyeji. Hesabuni wenyewe. Kijana wa gari alitutazama tu, kisha akataja bei. Tulilipia mizigo kama tumeongeza abiria wawili, na mtoto mkubwa akasafiri amebeba kuku magotini njia yote. Tulipofika jioni, pikipiki zilikataa godoro. Tukalipa wachukuzi. Fedha ya siku mbili za kula ilikwisha kabla hatujanawa uso.

Hilo lilikuwa la kuchekesha. La kesho yake halikuchekesha. Tulishuka ufukoni na nusu ya vitu, kwa sababu tulitaka kupika pale pale, tena tuliogopa kuibiwa. Jiko likakataa kuwaka kwa upepo. Sisi wawili tukainamia jiko, mmoja anapuliza, mmoja anashika sanduku lisiingie mchanga. Mtoto wetu wa tatu, wa miaka sita, alikuwa anacheza na maji ya kifundo cha mguu. Sasa Kivu si bwawa la mpunga. Hatua tatu unasimama, hatua ya nne hakuna chini. Hatukusikia kelele yoyote. Mtoto anayezama hapigi kelele. Mvuvi mmoja aliyekuwa anashona wavu wake ndiye aliyemwona, akaruka, akamtoa kwa mkono mmoja. Mtoto alitapika maji, akalia, akapona. Sisi tulikaa kimya mpaka jua likashuka, na masufuria yetu pembeni, hayana kitu ndani.

Tangu siku hiyo tunawaambia ndugu: kila mzigo unataka jicho la kuulinda, na macho ya wazazi ni manne tu.

Mwaka uliofuata tulikwenda na mikoba miwili na kikapu kimoja. Kila mtu nguo mbili: moja mwilini, moja mkobani, na kaptura au nguo kuukuu ya kuingilia majini. Nguo zinafuliwa jioni, na kwa upepo wa Kivu wakati wa kiangazi asubuhi zimekauka. Sweta moja kila mtu, hasa ninyi ndugu wa Bugarama, maana kwenu ni mahali pa chini kuliko pote Rwanda, mmezoea joto; ziwa liko kwenye meta 1,460 na usiku linapuliza baridi. Vitenge viwili vya mama vinafanya kazi ya vitu vitano: kubeba mtoto, kujifunika usiku, kukalia mchangani, kujipangusa maji, kujikinga jua. Chandarua kimoja kilichokunjwa hakizidi ukubwa wa mkate. Sabuni kipande. Kitambulisho, maana ndicho wanachokitaka kwenye zahanati mkitumia mituweli. Fedha wekeni nyingine kwenye simu na kidogo mfukoni, wala si zote kwa mtu mmoja.

Msifunge kitu katika mifuko ya plastiki. Imekatazwa Rwanda tangu 2008, na ndugu wanaopitia Bukavu huisahau sheria hiyo wakanyang’anywa mifuko mpakani, vitu vikabaki mikononi. Kikapu au mfuko wa nguo unatosha.

Na zawadi? Mila haturuhusu kufika mikono mitupu, ni kweli. Lakini mchele kilo 25 ni majivuno. Pelekeni kilo tatu, au bora zaidi pelekeni majani ya chai yaliyofungwa vizuri: mepesi, hayaozi, na ni kazi ya mikono yetu wenyewe. Mwenyeji wetu wa Gisenyi alipoipokea alituuliza kama kweli ndiyo ile tunayochuma, akaiweka kabatini kama dawa.

Chakula cha njiani kiwe karanga, mihogo iliyochemshwa, ndizi. Godoro na jiko viacheni nyumbani. Ukifika ziwani, sambaza wapo, wanakaangwa mbele yako na kuuzwa kwa bei ya mfanyakazi. Samaki hawa wadogo si wa asili ya Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika miaka ya 1950, nao wakazaa kama vile walikuwa wakipangojea. Jioni wapelekeni watoto wakawatazame wavuvi wakitoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakiimba kwa kufuatana na makasia. Ni burudani isiyo na kiingilio.

Juu ya usalama tuseme wazi, kwa sababu sisi tuliponea kwa mtu mwingine. Mtu mzima mmoja awe na kazi ya kutazama watoto tu, kwa zamu, kama zamu ya kiwandani: anayetazama hapiki, hapigi simu, hasinzii. Kwenye boti kila mmoja avae koti la kuelea, na likipungua moja msipande. Ngurumo ikianza, tokeni majini upesi, maana radi za upande huu wa magharibi tunazijua sote. Na upande wa kaskazini, karibu na Goma na Gisenyi, kuna kitu watu wanakiita mazuku: hewa nzito inayotoka ardhini na kulala kwenye mabonde madogo, haina rangi, na inaua mtu kimya kimya, hasa mtoto, kwa kuwa pua yake iko karibu na chini. Waulizeni wenyeji mahali pa kukaa, na mtoto asilale kwenye shimo wala kwenye bonde la mawe ya volkano.

Kuna ndugu aliyetuuliza kama gesi ya Kivu inaweza kumchoma mtu anayeoga. Hapana. Gesi hiyo imeyeyuka chini sana, mamia ya meta, na tangu 2016 wanaivuta Karongi kutengeneza umeme. Kinachozamisha watu ni maji ya kawaida.

Wakati mzuri ni Julai na Agosti. Shule zimefungwa, mvua imekatika, na kwenye chai majani hupungua kwa ukame, kwa hiyo msimamizi hana sababu kubwa ya kukukatalia. Ombi lakini lipelekwe mapema, kwa maandishi, na nakala moja ubaki nayo. Fedha nazo zianze mapema: kundi letu la ikimina lilitenga kidogo kidogo kila mwezi kwa ajili ya nauli tu, na mtu akitaka kuikopa kwa jambo jingine tunamnyima, hata akikasirika.

Hatuwalaumu wanaotumia konji kupiga matofali au kulima shamba lao. Nyumba nayo ni haja. Lakini siku 18 zinagawanyika: chukua 14 kwa matofali, bakiza nne. Na asiye na ndugu Gisenyi wala nauli ya kufika huko, ziwa linaanza hapa hapa chini ya Kamembe. Aende asubuhi, arudi jioni, na kikapu kimoja.

Yule mtoto wa tatu sasa anaogelea vizuri. Tulimfundisha taratibu, kila mwaka kidogo, tukiwa tumemshika tumboni. Anayetaka kuandika ombi la konji na hajui kuliandika, amwone mjumbe wa wafanyakazi kazini kwake kabla ya mwisho wa Mei.