Samaki Mgeni Atengwe Wiki Nne

Hata akiwa anang'aa na anakula vizuri, samaki aliyetoka dukani leo asiingizwe leo kwenye tangi lenye wenzake. Atengwe wiki nne. Wengi humtazama siku tatu, wakamwona mzima, wakamhamisha. Siku tatu hazitoshi, na sababu tunaipata katika maisha ya kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis, kinacholeta ugonjwa wa madoa meupe kwa samaki wasio wa baharini.

Kila doa ni kimelea kilichojichimbia ndani ya ngozi, kikimla samaki. Humo dawa haikifikii. Kikishiba hutoka, huzama hadi kwenye changarawe, hujifunika utando na kujigawa. Kimoja huzaa mamia, pengine hata elfu moja. Vichanga hivyo huogelea kutafuta samaki, na visipompata ndani ya siku mbili hivi hufa. Ni katika hatua hii tu dawa huviua, ndiyo maana dozi moja haiponyi tangi.

Kasi ya mzunguko huu hutegemea joto. Maji yakiwa nyuzi 26, hali ya kawaida Dar es Salaam au Mombasa, humalizika chini ya wiki moja. Nairobi, kwenye tangi lisilo na hita, huchelewa, na madoa huweza kujitokeza wakati mwenye samaki ameshaacha kuyatafuta. Tena vimelea vichache vikikaa kwenye matamvua pekee, ngozi hubaki safi. Samaki aliyeugua akapona hujijengea kinga, lakini anaweza kuendelea kuvibeba bila doa hata moja. Huyo ndiye ninayemhofia kuliko mgonjwa wa wazi, kwa kuwa hakuna anayemshuku.

Tangi la karantini si lazima liwe la gharama. Lita 40 zinawatosha samaki wadogo wachache. Usiweke changarawe, weka kipande cha bomba la plastiki wajifiche, na hita panapohitajika. Kichujio ndicho kisichopuuzwa. Sifongo yake ikae kwanza wiki kadhaa ndani ya tangi kubwa, ipate bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti na hatimaye naitreti. Bila bakteria hao, samaki ataungua matamvua kwa kinyesi chake mwenyewe, na karantini itamuua kabla ya ugonjwa. Pima amonia mara kwa mara, na ikionekana badilisha sehemu ya maji.

Wavu, ndoo na mpira wa kunyonyea uchafu viwe vya tangi hilo peke yake, kwa sababu tone la maji linatosha kuhamisha vimelea. Maji ya mfuko wa dukani yamwage.

Sipendi kumpa dawa samaki asiye na dalili. Mtazame anavyopumua, kama anajisugua kwenye kioo au kukunja mapezi. Ukiona hayo, anza tiba humo humo. Na ukiongeza samaki mwingine siku ya 20, hesabu inaanza upya kwa wote.