Ujira, Mrabaha, Tuzo na Fadhila: Njia za Mwandishi wa Kiswahili Kujipatia Pato

Nia ya makala haya ni kueleza njia ambazo kwazo mwandishi wa Kiswahili nchini Kenya aweza kujipatia pato kutokana na kalamu yake. Suala hili aghalabu huachiwa mawakili na wahasibu, kana kwamba halimhusu mwanalugha. Lakini wanafunzi wetu ndio watiao sahihi mikataba, na mwenye kutia sahihi bila ya kuelewa aweza kuuza kwa siku moja kile ambacho kingemlisha kwa miaka mingi. Isitoshe, istilahi zitumikazo katika shughuli hii zastahili kuchambuliwa, kwani kila moja yabainisha uhusiano wa namna yake baina ya mwandishi na mlipaji.

Neno la kwanza ni ujira. Huu ni malipo ya kazi iliyotendwa, na ukishatolewa mlipaji hadaiwi tena. Anayelipwa kwa kila makala ya gazeti, anayetafsiri kijitabu cha shirika, na anayetunga maneno ya tangazo la biashara, wote hupata ujira. Faida yake ni kwamba fedha huja mapema na kiasi chake hujulikana. Hasara yake imo katika sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ni ya mtunzi kwanza. Lakini kazi ikiagizwa na mtu mwingine, au ikiandikwa katika utekelezaji wa ajira, haki hiyo huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwagizaji au mwajiri, ila pande mbili zikipatana vinginevyo. Anyamazaye, basi, amekwisha kuuza.

Neno la pili ni mrabaha. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya faida. Katika sheria za biashara za Kiislamu, murabaha ni mauzo ambayo muuzaji hutaja bei aliyonunulia pamoja na faida anayoiongeza. Katika uchapishaji wa Kiswahili maana imehama: mrabaha ni fungu la mapato ya kitabu apewalo mtunzi kadiri nakala zinavyouzwa. Hapa mwandishi ni mshirika. Kitabu kisipouzwa naye hapati kitu. Kikiuzwa, haki yake hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka wa kufa kwake, hata wanawe wakarithi.

Hata hivyo, asilimia peke yake haitoshi; lazima iulizwe ni asilimia ya nini. Tuseme kitabu chauzwa dukani kwa shilingi 500, nakala zilizouzwa ni 2,000, na mrabaha ni asilimia 10. Ukihesabiwa kwa bei ya dukani, mtunzi atapata shilingi 100,000. Lakini iwapo mchapishaji humpunguzia mwenye duka asilimia 30, na mkataba wasema mrabaha utatokana na fedha zimfikiazo mchapishaji, mtunzi atapata shilingi 70,000. Tofauti hiyo ya shilingi 30,000 imefichwa katika maneno machache tu ya mkataba.

Nchini Kenya soko kubwa la vitabu ni shule. Riwaya kama Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora (2012) na Chozi la Heri ya Assumpta Matei (2014) zilipoteuliwa kutahiniwa katika shule za sekondari, zilisomwa na watahiniwa wa nchi nzima mwaka baada ya mwaka. Hakuna njia nyingine ifikishayo kitabu cha Kiswahili kwa wasomaji wengi kiasi hicho. Hatari yake ni kwamba mtunzi huweza kuanza kuandika akimlenga mteuzi wa vitabu badala ya msomaji, na fasihi ikapungukiwa na ujasiri.

Neno la tatu, tuzo, limetokana na kitenzi tuza, yaani kumpa zawadi aliyefanya vema, kama atuzwavyo mwimbaji mbele ya hadhira. Miongoni mwa tuzo zijulikanazo ni ile ya Jomo Kenyatta, na ile ya Safal-Cornell iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo ni ya kazi za Kiswahili pekee. Tuzo huleta fedha na sifa, lakini haiwezi kupangiwa bajeti, kwa kuwa anayeshinda leo hana ahadi ya kesho.

La nne ni fadhila, ambalo limezaa ufadhili. Mfadhili hugharimia utafiti au uchapishaji pasipo kutazamia faida ya mauzo. Kwa tenzi, kamusi na tafiti zisizo na soko, pengine hii ndiyo njia pekee. Lakini fadhila haidaiwi, na apewaye hulazimika kutazama uso wa mtoaji.

Kutokana na uchambuzi huu yafaa kuhitimisha kwamba hakuna njia moja itoshayo. Ujira hununua chakula cha leo, mrabaha huweka akiba, tuzo hufungua milango, na ufadhili hulinda kazi ambazo soko halizitaki. Kosa ni kuzichanganya: kupokea ujira na kudhani umepata mrabaha, au kuushukuru mrabaha kana kwamba ni fadhila. Wahenga walisema, mgala muue na haki yake mpe. Idara zetu hufundisha uchambuzi wa shairi kwa mihula mingi. Zingefundisha pia usomaji wa mkataba, kwa kuwa nao ni matini ya lugha, tena matini ambayo mtunzi huishi nayo hadi kaburini.